Figo Haiulizi Nani Ametuma

Nordhella, 15 Septemba 1968

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lako la kushoto linasemaje na huu ukungu? Sisi huku hatujambo, ila kondoo wameshuka kutoka milimani na kazi imetuzidi kimo. Mume wangu Torleif anakusalimu. Mama yake naye anakusalimu, au tuseme alitikisa kichwa nilipomwambia nakuandikia, na kwa Ragnfrid hiyo ni hotuba nzima.

Peremende zimefika! Nilifungua mkebe palepale gatini, mbele ya mzee wa posta, nikatia mbili mdomoni kwa mpigo. Mama, hujui tu. Mwaka na nusu nimekaa na watu wasioijua peremende ya kweli ya urukususu, ule mzizi mtamu. Dukani huku wanauza vikamba vitamu vya watoto. Nilimpa Torleif moja ya zile nyeusi za chumvi, akaitema baharini akaniuliza kama kwetu tunakula lami. Ragnfrid aliunusa mkebe akanirudishia. Basi nazila peke yangu, moja baada ya nyingine, nikikamua mbuzi, nikifua, nikiandika barua hii. Nikiwa nayo shavuni nahisi nimekaa jikoni kwako na redio inaongea.

Afya yangu isikutie wasiwasi. Ni uchovu tu. Viatu vinanibana jioni, na kichwa kinaniuma kisogoni. Kazi hiyo.

Mwanao,
Hiske


Franeker, 25 Septemba 1968

Mwanangu Hiske,

Barua yako nimeipata nikaisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama mwalimu. Goti langu lipo, linanitabiria mvua bure bila malipo. Majirani wazima, na yule wa mkono wa kulia ameshaanza kunoa viatu vyake vya kutelezea barafuni kama kila mwaka, na kama kila mwaka mfereji hautaganda.

Sasa nisikilize. Unaniambia nisiwe na wasiwasi, halafu hapohapo unaniandikia viatu vinabana na kisogo kinauma. Mimi nimewafundisha mabinti wa mji huu mwili wa mtu tangu wewe hujazaliwa. Nilikuwa naingia darasani na moyo wa ng'ombe kwenye beseni, wengine wakizimia mstari wa mbele. Usinifiche mimi.

Fanya hivi. Jioni, bonyeza muundi kwa kidole gumba, shikilia kidogo, achia. Nyama ikirudi, umechoka. Shimo likibaki, hayo ni maji. Na maji hayaji mguuni kutembea. Figo zako mbili, kila moja kama ngumi yako, zinachuja damu yote usiku na mchana na kuamua kipi kitoke na kipi kibaki. Zikiibakiza chumvi, maji nayo yanabaki, maana maji huifuata chumvi popote iendapo. Yakizidi, moyo unasukuma damu nyingi kwenye mishipa ileile, presha inapanda, na mtu anaumwa kichwa. Wapi? Kisogoni!

Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Nani anatia mkono kwenye chungu chenu? Ni yule mwenye ufunguo wa ghala kiunoni. Umeolewa mwaka na nusu, mpaka leo unaomba unga kama mtoto wa shule. Mimi simshtaki mtu. Ila mwanamke aliyekwisha kumchagulia mwanawe binti wa shamba la jirani, kisha akaletewa wewe kutoka ng'ambo, huyo hajakusamehe hata akikuchekea, na huyu hata kucheka hacheki. Kikulacho ki nguoni mwako, Hiske.

Nakutumia mkebe mwingine, ule mkubwa. Kula upate faraja.

Mamako


Nordhella, 13 Oktoba 1968

Mama mpenzi,

Natumai u mzima. Mimi nusu nusu.

Tumechinja. Ragnfrid alinipa kazi ya matumbo, na nilipoishika figo ya kondoo mkononi, yenye moto bado, laini, imevikwa mafuta, nilikukumbuka wewe na beseni lako. Nikaipasua katikati kama ulivyotufundisha. Ragnfrid akanitazama kana kwamba nimeichana Biblia. "Hiyo ni ya kukaanga," akasema. Ndiyo maneno yote ya siku hiyo.

Nimebonyeza muundi. Shimo lilibaki, mama. Lilikaa pale likinitazama.

Sikutaka kuyaamini uliyoandika, na bado nusu yangu haitaki. Ragnfrid ni mkali lakini ni mtu wa haki, hata paka ana zamu yake ya maziwa. Lakini tangu barua yako nimeanza kuangalia mikono yake. Juzi alinitilia chai. Akageuka ukutani, akatoa kitu mfuko wa aproni, majani makavu, akayafikicha kwenye kikombe changu. Kwenye changu tu. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Kunywa." Nikanywa, maana alisimama pale mpaka nikamaliza. Ilikuwa chungu.

Kama kungekuwa na nia mbaya, si Torleif angejua? Nilimgusia tu, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema mama yake akitaka kumuua mtu atamwambia wazi kwanza, na atampa na siku ya kujitayarisha. Sikucheka.

Peremende zinaniliwaza. Mkebe mkubwa umebaki nusu.

Mwanao,
Hiske


Franeker, 22 Oktoba 1968

Hiske wangu,

Mimi ni mzima wa mwili lakini usingizi sipati.

Majani gani? Yana umbo gani? Kingo zake zina meno au ni laini? Ungeniletea hata kipande kwenye bahasha! Mtu anayekupa kitu kizuri hakupi kwa kugeukia ukuta.

Nikueleze jambo nililokuwa nikiwaeleza darasa la juu tu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Kazi yake mojawapo ni kutuma agizo kwa njia ya damu: "Shika chumvi. Toa potasiamu." Potasiamu ni madini tunayoyapata kwenye viazi na mboga, na misuli haifanyi kazi bila hayo. Figo ikipata agizo inatii. Ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, haiulizi nani ametuma wala haikagui sahihi. Ndiyo maana mwili ni rahisi kudanganywa. Kuna vitu vya mimea vinavyojua kuongea lugha ya mwili kama wenyeji, na mwili unavifungulia mlango.

Mtu akidanganywa hivyo, atavimba, presha itapanda, kisha misuli italegea, kwanza miguu, na mwisho kabisa ule msuli usiopumzika. Nao ni moyo, mwanangu. Moyo ni msuli kama paja.

Kwa hiyo kuanzia leo usinywe chai yake. Usile supu yake. Kula ulichopika mwenyewe, na kama huwezi kupika kwa sababu bibi kakalia ufunguo, basi bora njaa. Nakutumia kifurushi kikubwa, mikebe miwili, angalau tumbo lisikae tupu. Kikimalizika sema.

Na kumbuka chumba chako kiko vilevile. Shuka nimebadilisha.

Mamako


Nordhella, 9 Novemba 1968

Mama,

Hali yangu si nzuri, sitakudanganya. Wewe goti linaendeleaje?

Nimefanya ulivyosema. Mezani nasema nimeshiba. Ragnfrid anaweka sahani mbele yangu, viazi, samaki, na mimi naisogeza. Anaitazama sahani, ananitazama mimi, anaichukua. Hajawahi kuuliza. Mtu asiye na hatia si angeuliza?

Jana nilikwama kwenye ngazi ya zizini. Miguu ilikataa tu, kama si yangu. Nilikaa kwenye kipandio mbuzi wakinishangaa. Na moyo unaruka, mama, unapiga, unanyamaza, halafu unapiga kwa nguvu kana kwamba umeshtuka. Nimeogopa kweli.

Torleif anataka nimwone daktari wa mjini, ila boti ya wiki hii haikuja kwa dhoruba. Tumegombana. Alisema, "Huli chakula cha mama yangu, unategemea nini?" Nikamwambia, "Ndiyo hasa, mwulize mama yako nategemea nini." Amehamia kulala chumba cha darini.

Kifurushi chako hakijafika. Mkebe nimeupangusa kwa kidole.

Hiske


Franeker, 18 Novemba 1968

Mwanangu,

Kifurushi hakijafika? Nilikipeleka posta kwa mkono wangu, nikakisimamia mpaka kikagongwa muhuri! Barua imefika na kifurushi hakikufika? Boti gani hiyo inayochagua mizigo?

Nani hupokea posta ukiwa zizini? Sisemi jina.

Njoo nyumbani, Hiske. Sema neno moja tu nikutumie nauli.

Mamako


Nordhella, 28 Novemba 1968

Mama mpenzi,

Utafurahi leo. Naona nafuu, na sijui imetoka wapi. Viatu vinaingia bila kupigana navyo. Kichwa kimetulia. Jumatatu nilipanda ngazi ya zizi na ndoo mbili sikukumbuka kuhesabu pumzi. Njaa ilinizidi nguvu nikala viazi vya Ragnfrid, vitano, na siagi, nikingoja nife. Sikufa. Nililala kama mtoto.

Kifurushi bado. Peremende zangu za mwisho zilikwisha zamani, na nazikumbuka vibaya sana, mpaka naziota.

Je, tumemdhulumu huyu mama? Leo nilimkuta anashona visigino vya soksi zangu vilivyotoboka.

Torleif ameshuka kutoka darini.

Mwanao,
Hiske


Franeker, 4 Desemba 1968

Hiske wangu,

Nimefurahi mpaka nimelia, kisha nimekaa nikafikiri.

Usiwe mwepesi hivyo. Unasema ulipona ghafla. Lini? Mara baada ya kumwambia mumeo ana kwa ana kwamba unamshuku mama yake! Unadhani hakumfikishia? Mwizi akijua anatazamwa hutembea kama mchungaji anayekwenda kanisani. Ameacha kwa sababu ameogopa, si kwa sababu hana. Ini lako likapata nafasi ya kusafisha, figo zikarudi kwenye kazi yake. Hilo halimtakasi, linamtia hatiani. Akiona mmelegea ataanza tena, kumbuka maneno yangu.

Kesho ni mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, usiku wa zawadi za watoto, na sina mtoto wa kumwekea kitu kwenye kiatu. Nimekuwekea kwenye boksi badala yake: herufi ya jina lako ya chokoleti, na mikebe mitatu, chumvi maradufu. Safari hii nimeliandikia jina la mumeo apokee mwenyewe.

Mamako anayekupenda


Nordhella, 27 Desemba 1968

Mama,

Heri ya Krismasi, kama heri ipo. Ulisema nikumbuke maneno yako.

Boksi la Mtakatifu Nikolasi lilifika salama mkononi mwa Torleif. Na kile kifurushi cha kwanza pia nimekipata. Unajua kilikuwa wapi? Ghalani. Nyuma ya pipa la samaki, kimefunikwa gunia. Torleif alitumwa kuleta nyama ya sikukuu akakiona. Akanipa, uso umempauka, akasema, "Sijui, Hiske. Haki ya Mungu sijui."

Kwa hiyo alikiiba, mama. Kitu changu kutoka kwako. Sikumwuliza kitu. Nilikaa kitandani nikafungua mkebe nikala mpaka ulimi ukawa mweusi, kwa hasira tu, na tangu siku hiyo sijagusa chakula chake tena. Nina mikebe mitano, naishi nayo.

Na ugonjwa umerudi. Wote. Miguu kama magunia, mikono haifungui hata chupa ya maziwa.

Jana mezani alileta mbavu za kondoo na supu. Mimi nikachukua kijiko cha supu yangu, mbele yake, nikamwekea mbwa chini. Nikasema, "Tungoje tuone." Tukangoja. Mbwa akalamba, akatikisa mkia, akataka zaidi. Ragnfrid akasimama, akafungua ufunguo wa ghala kiunoni, akauweka kando ya sahani yangu. Akasema, "Basi utapika wewe." Akaingia chumbani mwake. Huku mwanamke anautoa ufunguo huo siku akizeeka na kukabidhi nyumba, na watu hula na kunywa siku hiyo. Yeye ameutoa kwa sababu ya mbwa.

Nilitaka kujiona nimeshinda. Nimejisikia mchafu.

Hiske


Franeker, 6 Januari 1969

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Usijisikie mchafu hata kidogo! Mbwa hathibitishi kitu, tumbo la mbwa linahimili vingi, na sumu ya kidogo kidogo haiangushi mnyama mchana mmoja. Aliyeficha kifurushi ndiye wa kuona aibu.

Panda boti uje. Usiage.

Mamako


Franeker, 17 Januari 1969

Hiske,

Sijapata jibu. Je, barua zangu zinafika, au nazo ziko nyuma ya pipa? Kila boti ya posta nahesabu. Nimekwenda hadi kituo cha simu, wakaniambia laini ya huko imekatwa na theluji.

Hapa mfereji umeganda, mwaka huu wa yote. Watu wanateleza chini ya dirisha langu wakicheka na mimi natamani kuwapigia kelele wanyamaze.

Andika hata mstari.

Mamako


Hospitalini, 3 Februari 1969

Mama mpenzi,

Niko hai. Nakuandikia kwa mkono wa muuguzi anayeelewa Kijerumani changu, maana kalamu inanitoka vidoleni, hivyo samahani kwa mchanganyiko.

Nilianguka zizini. Torleif alinibeba mpaka gatini, na Ragnfrid alipiga kasia zamu yake kwenye boti ya jirani kwa sababu ya kwetu ilikuwa imeganda. Presha ilikuwa juu mno, na daktari, mama mmoja anaitwa Aamot, anasema damu yangu imeishiwa potasiamu karibu yote. Umeona? Ulisema. Wananipa vidonge vya potasiamu, vikubwa kama vifungo vya koti.

Ila kuna jambo linanitatiza. Niko hapa wiki nzima, nakula cha hospitali, na bado siponi. Napanda kidogo, nashuka. Daktari anakuna kichwa. Ameniuliza nakula nini nyumbani, nikamtajia kila kijiko kilichotoka mkononi mwa Ragnfrid, majani ya chai na yote. Kama ni Ragnfrid, mbona naumwa mbali naye?

Yeye huja. Anakaa kwenye kiti, ananifumia soksi, anaondoka na boti. Torleif aliniletea nguo zangu na mikebe iliyobaki.

Mwanao,
Hiske


Franeker, 11 Februari 1969

Mwanangu kipenzi,

Nimebusu bahasha. Niko tayari kuja, naandika ombi la pasi leo hii.

Unauliza mbona unaumwa mbali naye. Mbali gani, naye anakaa kando ya kitanda? Anakuletea nini? Soksi? Usizivae! Ngozi nayo inakunywa, Hiske, ndiyo maana tunapaka dawa. Mwambie muuguzi asimwache peke yake nawe, asiguse glasi yako ya maji. Mwambie daktari wazi, usimung'unye.

Pole, mwanangu, pole. Nguvu zikirudi tutacheka. Kula peremende zako, usijali watakavyokuona.

Mamako


Hospitalini, 26 Februari 1969

Mama,

Mkono huu ni wangu mwenyewe, utauona. Goti lako natumai ni zima. Kaa chini kabla ya kuendelea.

Barua yako ilinifikia daktari akiwa chumbani. Niliisoma, nikafikia pale pa soksi, na soksi nilikuwa nimezivaa. Sikujua nicheke au nilie. Daktari Aamot akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikasema hapana, ni mama yangu, na kwa adabu nikamkaribisha peremende.

Akaupokea mkebe. Hakuchukua peremende. Aligeuza akasoma maandishi ya chini, akakaa kitandani kwangu, daktari mzima, akaniuliza, "Unakula ngapi?" Nikasema sijui, nakula tu. "Mkebe unakwisha kwa muda gani?" Siku kumi, nikasema, wiki mbili nikijizuia. "Na tangu lini?" Nikamwambia. Akaniuliza kwa nini sikumtajia. Mama, nani anataja peremende? Aliniuliza nakula nini, na peremende si chakula, ni nyumbani.

Akanieleza, na kila alichosema nilikisikia kwa sauti yako. Ule mzizi wa urukususu unaifanya figo isikie agizo ambalo ile tezi ya kofia haikulitoa. Shika chumvi, toa potasiamu. Figo inatii, haiulizi nani ametuma. Ulinifundisha mwenyewe, Oktoba, na katika barua hiyohiyo ukaniahidi mikebe miwili.

Angalia tarehe, maana mimi nimeziangalia kitandani hapa nikiwa sina kazi nyingine. Kifurushi kilipopotea, nilipona. Kilipopatikana, nikaanguka. Na kila uliponiambia nisile chakula chake, nilijaza tumbo kwa chako. Viazi vyake ndivyo vilivyokuwa na ile potasiamu.

Majani ya chai ni ya miti myeupe ya nyuma ya nyumba. Huku wanampa mtu aliyevimba miguu. Aliiona miguu yangu kabla yangu.

Na kuhusu kifurushi, Torleif alimwuliza mwishowe, akamjibu hivi: "Kila kikija kitu cha kwao anaacha kula na anaumwa. Nilidhani ni kiu ya nyumbani. Nikakificha apumzike." Hakuwa na ujuzi wowote, mama. Alikushuku tu, kama ulivyomshuku. Ila yeye hakunilisha shuku yake.

Nimeacha peremende na napona. Presha inashuka kila asubuhi. Natembea ukumbini. Nina hasira nawe, mama, kali sana, na nitakuwa nayo kwa muda. Jana Ragnfrid alikuja nikamrudishia ufunguo. Hakuupokea. Alitazama mkono wangu, akaendelea kufuma. Wiki ijayo narudi nyumbani kwake, mimi niliyemwekea mbwa supu yake, na sijui nitaingiaje mlangoni.

Wewe hukosi maneno. Nipe sentensi moja nimpelekee kutoka kwako. Moja tu, na isiwe na somo ndani yake.

Hiske


Franeker, 7 Machi 1969

Mwanangu,

Nimefurahi unatembea ukumbini. Kuhusu mimi usiulize.

Barua yako ilinikuta nafunga kifurushi. Mkebe uko mezani hapa, nimeushonea hadi kitambaa. Niliichukua kalamu kukujibu kwamba haiwezekani, kisha nikatoa kitabu changu cha kufundishia, nikafungua sura ya figo, nikaisoma kwa sauti kama nilivyokuwa nikiwasomea wasichana. Imo yote. Nimeifundisha maisha yangu yote na mdomoni nina peremende.

Una haki ya hasira yako, iweke kadiri unavyotaka. Mimi nitasema kweli mara moja. Nilitaka awe mbaya. Kila ulipoandika unaumwa niliogopa utakufa, haki ya Mungu, lakini kulikuwa na pembe moja ndogo moyoni iliyosema, sasa atarudi nyumbani. Pembe hiyo ndiyo iliyoshika kalamu.

Nimejaribu sentensi yako siku nne. Kila niliyoandika ilianza kumweleza mambo ya figo, nikaichana. Leo nimepata moja. Msomee polepole, mkiwa wawili tu, na ukimaliza usimwongezee kitu:

"Ragnfrid, asante kwa kuiiba mikebe yangu, laiti ungeiiba yote."

Mamako wa Franeker